Aliyeanza kuugua kabla ya kujiunga: bima imkubali, imkatae au imtoze zaidi?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kukwepana. Mtu ana kisukari, pumu au selimundu, au aliwahi kuugua saratani akapona. Anaomba bima ya afya, fomu inamuuliza kuhusu magonjwa yake, anajibu ukweli. Sheria isipoizuia, kampuni inaweza kumkataa, kumpandishia mchango, kumwambia asubiri miezi kadhaa, au kumpa kadi isiyogusa ugonjwa ule kabisa. Je, ni haki?

Mimi nasema si haki. Aliyezaliwa na selimundu hajawahi kuwa na siku hata moja ya kujiunga akiwa mzima, sasa amechelewa vipi? Na hiyo kadi isiyogusa ugonjwa wake ina kazi gani? Mwenye kisukari akiharibikiwa figo, macho au mguu, ataambiwa yote hayo yametokana na kisukari.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, nimefanya kazi ya kupitia madai ya bima, kwa hiyo nitasema ambalo wengi hawapendi kulisikia. Fedha ya kumtibu mgonjwa inatoka kwenye michango ya wanachama ambao hawajaugua. Ukiruhusu mtu ajiunge siku anayopewa majibu ya vipimo, wengi watangoja siku hiyo. Wazima wakijitoa mchango unapanda, na ukipanda wazima wengine nao wanajitoa. Jimbo la New York lililiona hilo: tangu 1993 kampuni zililazimika kumpokea kila mwombaji kwa bei isiyoangalia afya yake, lakini wananchi hawakulazimika kuwa na bima. Bei kwa wanaojinunulia wenyewe ilipanda mno, na wanachama wakapungua sana. Huruma peke yake hailipi hospitali.

Mchangiaji wa 3:
Mnamsahau anayeficha. Akijua ukweli utamkosesha kadi, anaandika "sina ugonjwa". Anachangia miaka, siku akilazwa kampuni inafukua mafaili yake ya zamani na kufuta mkataba. Wengine wanaogopa hata kupima, wasije wakaandikiwa ugonjwa. Presha isiyopimwa mapema ndiyo baadaye inaleta kiharusi, na kiharusi ni ghali kuliko vidonge vya miaka mingi.

Mleta mada:
Ndugu wa 2, hesabu yako naikubali. Ninachokataa ni kwamba inatufikisha kwenye kumfungia mgonjwa mlango. New York ilifanya nusu ya kazi. Uholanzi tangu 2006 kila mkazi analazimika kuwa na bima ya msingi, na kampuni hairuhusiwi kumkataa yeyote wala kumtoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa. Halafu kuna kipande ambacho watu hawakizungumzii, nacho kwangu ndicho kikubwa: mfuko wa kusawazisha. Kampuni yenye wazee na wagonjwa wengi inapewa fedha zaidi kutoka mfuko huo, yenye vijana wazima inapewa kidogo. Mfuko ukikokotolewa vizuri, kampuni haina tena sababu kubwa ya kumkimbia mwenye kisukari. Bila mfuko huo, hata ukipiga marufuku kukataa watu, kampuni itatafuta njia za kumchosha mgonjwa mpaka ajiondoe mwenyewe.

Mchangiaji wa 4:
Mimi ni kijana, sijawahi kulazwa. Kwa nini nilazimishwe kumlipia mwingine? Marekani walipiga marufuku kuwakataa wagonjwa kuanzia 2014 na kuwatoza faini wasio na bima, lakini kuanzia 2019 faini ya kitaifa ikawa sifuri. Soko lilianguka?

Mchangiaji wa 2:
Halikuanguka, kwa sababu serikali ilikuwa inawapa wengi ruzuku ya mchango. Kwa hiyo ulilipa tu, mdogo wangu, kupitia kodi. Na kijana anayepata ajali leo, kesho anaingia kwenye fomu ileile akiwa na historia ya ugonjwa.

Mchangiaji wa 5:
Kuna njia ya katikati. Afrika Kusini, mifuko ya matibabu iliyo wazi kwa umma haiwezi kumkataa mtu kwa sababu ya afya yake, ila inaweza kumsubirisha hadi miezi 12 kwa ugonjwa aliokuja nao. Aliyekuwa na bima zaidi ya miaka miwili akahama ndani ya siku 90 hawekewi kizuizi hicho. Australia nao wana miezi 12 kwenye bima binafsi ya hospitali. Anayengoja mpaka augue anabanwa, na aliyechangia siku zote analindwa.

Mchangiaji wa 3:
Dada, miezi 12 bila insulini? Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hafiki huko. Australia wana bima ya umma inayomtibu anaposubiri. Pasipo na kitu hicho, kumsubirisha ni sawa na kumkataa.

Mleta mada:
Basi msimamo wangu ni huu. Mtu mzima aliyeweza kujiunga akaamua kukaa nje, asubiri, ila dawa za kumweka hai na matibabu ya dharura asinyimwe tangu siku ya kwanza. Mtoto mchanga na aliyepoteza bima kwa kufukuzwa kazi wasisubirishwe hata siku moja. Ndugu wa 2, wewe unayezijua hesabu: mfuko wa kusawazisha ukiwepo, hilo haliwezekani?