Mume wangu amegundulika na kisukari: nimsaidieje bila kumchunga kama mtoto?

Swali (Mke wa Seremala, Morogoro)
Habari zenu, ndugu zangu. Mume wangu ana miaka 52. Wiki 3 zilizopita alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula ikasoma 13.8 mmol/L, na aliporudia siku nyingine bado ilikuwa juu, ndipo daktari akamwambia kuwa ana kisukari cha aina ya pili na kumwandikia dawa ya Metformini. Tangu siku hiyo nimeficha bakuli la sukari juu ya kabati, chakula chake nakipika peke yake katika sufuria ndogo, na kila arudipo kazini namuuliza amekula nini. Juzi alisukuma sahani akasema, "Mimi si mgonjwa wa wodini," akatoka. Mama yangu mkubwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huu, kwa hiyo hofu imenijaa. Wenzangu mliopitia hali hii, mliishije?

Jibu (Mama Watatu)
Pole sana, dada. Nadhani hiyo sufuria ndogo ndiyo inayomuumiza, kwa sababu inamtenga na watoto wake. Pikeni chungu kimoja: nusu ya sahani iwe mchicha, matembele au kabichi, robo iwe ugali au wali, na robo iliyobaki iwe maharage, samaki au dagaa. Dona ni bora kuliko sembe, ila nayo ni wanga, hailiwi bila kipimo. Sisi tulipunguza sukari ya chai wote wawili, kutoka vijiko 3 hadi 2, kisha 1, na sasa chai tunainywa bila sukari.

Jibu (Muuguzi Mstaafu)
Metformini inywewe pamoja na chakula, kwani wengi huvurugika tumbo wiki za mwanzo na wengine huacha dawa kimyakimya. Tumbo likizidi kusumbua, arudi kwa daktari. Ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini siku akiongezewa Glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, mjue dalili za sukari kushuka mno: kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Kipimo kikiwa chini ya 4, apewe vijiko vya chai 3 hadi 4 vya sukari ndani ya maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo, mwanangu, bakuli lishushe kabatini. Macho yapimwe kila mwaka, na miguu itazamwe kila usiku, hasa kwa fundi anayekanyaga misumari na vibanzi, maana ganzi ya miguu inayoletwa na kisukari humnyima mtu maumivu ya kumwonya.

Jibu (Baba Mwenye Sukari)
Mimi ninaumwa ugonjwa huu mwaka wa 8. Kilichonisaidia ni mke wangu kuja nami kliniki, akayasikia maelezo kwa masikio yake, na jioni baada ya kula huniambia, "Twende tukatembee," wala haniulizi nimekula nini. Daftari la vipimo ni langu. Ninapomwonyesha, hulisoma bila kugomba.

Muuliza swali
Nawashukuru sana. Bakuli lipo mezani, na jana tulikula sahani za namna moja. Usiku nilimwomba nimwoshe miguu, akakubali baada ya kusitasita. Kisiginoni nilikuta kibanzi cha mninga kimezama, na ngozi imeanza kuwa nyekundu; alikuwa hajakihisi. Asubuhi hii tumekwenda kliniki pamoja.