Tovuti tatu kwenye seva moja ya nyumbani: majina niyapange kwa Apache, Nginx au Caddy?

MkaaziWaTudor
Assalam aleikum wenzangu. Nina kompyuta ndogo niliyoigeuza kuwa seva hapa nyumbani Tudor, nami ninataka iendeshe tovuti tatu: ya duka la leso la mama yangu, ya madrasa ya mtaani kwetu, na yangu mwenyewe ninakoweka picha za Mji wa Kale. Kwa sasa, jina lolote nitakaloliandika hufungua tovuti ya duka peke yake. Nimesoma kuhusu Apache, Nginx na Caddy, programu za kuhudumia tovuti, na kila mwandishi anaisifu yake. Vilevile, kufikia Ijumaa ni lazima nilipie ama vikoa (majina ya tovuti) vitatu vya .co.ke au kikoa kimoja nitakachokigawa mara tatu. Ninyi mngechagua nini?

FundiWaMajengo
Wa aleikum salaam ndugu yangu. Hujatueleza mambo ambayo jibu linayategemea. Seva inatumia mfumo gani? Tovuti zimejengwa kwa WordPress au ni kurasa za kawaida? Na kubwa kuliko hayo: anwani ya IP unayopewa na mtoa huduma ni yako peke yako, au mnaitumia pamoja na wateja wengine? Ingia kwenye ruta utazame anwani ya upande wa nje. Ikiwa inaanza na 100, na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, basi mnaitumia pamoja, na hakuna mgeni atakayekufikia moja kwa moja, hata ukiifungua milango yote ya ruta.

BintiKizingo
Tukimsubiri, nieleze kidogo kinachotokea, kwa sababu wengi huchagua programu bila kujua kazi yake. Kivinjari kinapoomba ukurasa, hulitaja jina la tovuti ndani ya ombi lenyewe. Sharti hilo liliingia katika HTTP/1.1, kanuni za mazungumzo ya kivinjari na seva, mwaka 1997. Kabla ya hapo, tovuti ya pili ilihitaji anwani ya pili. Kwenye HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa, jina hutajwa mapema zaidi, kwa utaratibu wa SNI uliowekwa mwaka 2003, ili seva ijue itoe cheti kipi cha usalama. Programu zote tatu hulisoma jina hilo na kuchagua tovuti, na tofauti iko katika jinsi unavyoziandikia maagizo. Mimi ninatumia Caddy bila kusita. Unaandika jina la tovuti, unaonyesha folda yake, nayo huomba vyeti na kuvihuisha yenyewe. Vyeti vya kawaida vya Let's Encrypt, shirika linalovitoa bure, hudumu siku 90, na nimewaona watu wengi wakivisahau.

NahodhaWaLikoni
Dada, Caddy ni nzuri, lakini Apache imeandikiwa maelezo mengi zaidi kuliko zote, na anayeanza anahitaji maelezo. Hata hivyo, naomba nimsimulie ndugu yetu yaliyonipata, ili yeye yasimpate.

Nilikuwa na tovuti mbili kwenye seva moja, kwa Apache juu ya Debian. Ya kwanza ilikuwa ya jirani yangu anayepamba kumbi za harusi. Ya pili niliitengeneza kwa usiku mmoja kwa ajili ya familia iliyofiwa, ili jamaa walio mbali waone ratiba ya matanga na namna ya kutuma michango, na kwa haraka ile sikuiwekea cheti. Kwenye DNS (orodha inayotafsiri majina kuwa anwani) ya kikoa cha familia niliweka rekodi ya nyota, ambayo huelekeza kila jina lililo chini ya kikoa hicho kwenye seva. Katika faili la usanidi niliandika ServerName bila www, na nikasahau kabisa mstari wa ServerAlias, ambao huongeza majina mengine kama lile la www. Faili la mwanzo la Debian, lile linaloanza na 000, nilikuwa nimelizima muda mrefu.

Apache isipolikuta jina lililoombwa katika mafaili yake, humpa mgeni tovuti ya kwanza kusomwa, na mafaili husomwa kwa mpangilio wa alfabeti. Faili la jirani liliitwa arusi, na la familia liliitwa matanga. Kwa hiyo kila aliyeandika anwani akianza na www alikaribishwa na maua, taa za rangi na bei za majukwaa ya bibi harusi. Shangazi wa marehemu alinipigia simu saa nne za usiku akiniuliza kwa sauti ya chini kama nimewafanyia hivyo makusudi. Mimi nilikuwa nimeijaribu tovuti bila www, ikafunguka vizuri, nikaenda kulala. Nilikwenda kuwaomba radhi asubuhi, na wakanisamehe, lakini mpaka leo nikikutana na yule mama kwenye feri ninajihisi mdogo.

Tangu siku hiyo, faili langu la kwanza huanza na 000 na halina tovuti ya mtu yeyote. Linajibu tu kwamba ukurasa haupo. Na kila nikiongeza jina huendesha `apachectl -S`, ambayo huonyesha majina yote na tovuti ipi ndiyo ya kuangukia. Nina hakika kwamba hilo ndilo linalomsumbua MkaaziWaTudor: ya duka ndiyo ya kwanza kusomwa.

MwalimuBamburi
Pole sana Nahodha. Nginx nayo ina tabia hiyohiyo usipoandika default_server, yaani tovuti ya kuangukia, lakini mimi huweka hapo agizo la `return 444`, na seva hukata mawasiliano bila kujibu neno. Kwa tovuti tatu kwenye kompyuta ndogo, mimi ningechagua Nginx kwa sababu haitumii kumbukumbu nyingi.

NahodhaWaLikoni
Mwalimu, ikiwa duka ni la WordPress, umwambie pia kwamba Nginx hailisomi faili la .htaccess, ambamo WordPress huweka maagizo ya anwani za kurasa zake. Atahamisha tovuti, ukurasa wa kwanza utafunguka, na bidhaa zote zitasema hazipatikani.

MwalimuBamburi
Ni kweli, lakini tatizo hilo linamalizwa na mstari mmoja wa try_files. Sioni kwa nini mtu akimbie programu nzima kwa ajili ya mstari mmoja.

BintiKizingo
Na kwenye Caddy jina ambalo hukuliandika haliangukii tovuti ya mtu mwingine. Hilo lingemwepusha Nahodha na masikitiko yale.

MkaaziWaTudor
Samahani kwa kuchelewa, umeme ulikuwa umekatika. Seva ni Debian. Duka ni la WordPress, nyingine mbili ni kurasa za kawaida. Anwani ya nje kwenye ruta inaanza na 100.72. Jambo jingine ambalo sikulisema: niliyaandika majina yote matatu kwenye faili la hosts (orodha ya majina na anwani) la kompyuta yangu nikitumia .local, yakafika kwenye seva, lakini simu ya mama haiyaoni.

FundiWaMajengo
Nilihofia hiyo 100. Kuhusu simu, faili la hosts huisaidia peke yake ile mashine ambayo limo ndani yake. Unahitaji DNS ndogo ndani ya nyumba, kwa mfano dnsmasq, na ruta iwaelekeze wote huko. Na uiache .local, kwa kuwa tangu mwaka 2013 imetengewa utaratibu mwingine wa vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao wa nyumbani. Kwa matumizi ya ndani kuna home.arpa, iliyotengwa mwaka 2018.

MwalimuBamburi
Mimi nimetumia .local miaka mingi bila shida yoyote.

FundiWaMajengo
Mwalimu, haijakusumbua kwa sababu vifaa vyako vinakubali. Siku utakapoleta kifaa kisichouliza DNS ya kawaida kwa majina hayo, utatafuta kosa wiki nzima. Simu ya mama huenda ikawa na tatizo hilo pia.

Turudi kwenye lenye uzito. Ndugu, una njia tatu. Unaweza kumwomba mtoa huduma anwani yako mwenyewe kwa malipo ya ziada. Unaweza kutumia handaki la Cloudflare, ambalo seva yako hulifungua kutoka ndani kwenda nje, na wageni wakapitia kwenye seva za kampuni hiyo. Au unaweza kukodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, ukaiunganisha na nyumbani kwa WireGuard, programu ya muunganisho uliosimbwa.

BintiKizingo
Handaki linatosha. Majina yote matatu yanapita humo, na ruta haiguswi.

MwalimuBamburi
Dada, kwenye handaki lile usimbaji hufunguliwa kwa Cloudflare kabla data haijafika kwenye seva ya ndugu yetu. Kwa picha za Mji wa Kale sina neno. Lakini kama madrasa itaweka majina ya watoto na simu za wazazi, mimi singekubali. Seva ya kukodi inaweza kusoma jina la SNI tu na kupitisha mengine yote yakiwa yamefungwa, na cheti kikabaki nyumbani.

BintiKizingo
Basi orodha ya watoto isiwekwe kwenye tovuti hata kidogo, tukichagua handaki au tusipolichagua.

NahodhaWaLikoni
Hapo nakuunga mkono, dada. Kuhusu vikoa, mimi ningevitenganisha. Madrasa ina kamati, na kamati ikibadilika jina liwe mali yao bila kukuomba. Wao waangalie .or.ke, duka libaki .co.ke, na picha zako zinaingia vizuri kwenye .me.ke.

FundiWaMajengo
Mimi ningelipia kimoja kwanza. Kikoa kimoja hulipiwa mara moja kwa mwaka, na cheti kimoja cha nyota kinayafunika majina yote matatu. Let's Encrypt inavitoa tangu mwaka 2018, ila kwa uthibitisho wa DNS peke yake, ambao hata hauhitaji mlango wowote uwe wazi kwako.

MkaaziWaTudor
Nimewaelewa, na nimeshaandika lile faili la 000. Duka sasa haliitikii majina ya wenzake. Nimempigia mtoa huduma, wameniambia watanijibu kesho kuhusu bei ya anwani. Mwalimu wa madrasa naye anasema jina lao wanataka kulijadili kikaoni, na kikao ni Jumamosi, ilhali mimi mwisho wangu ni Ijumaa.

NahodhaWaLikoni
Lipia la duka pekee Ijumaa, ndugu. Na usisahau www.