Nguzo ya sanduku la barua: mwerezi au paini ya dawa?

Baba Neema
Wadau wa Marekani, nguzo ya sanduku langu la barua kando ya barabara imeoza shinani. Mleta barua ameshaniachia karatasi: nisimamishe upya, la sivyo barua nitazifuata posta. Fundi kanitajia bei kama mahari, kwa hiyo naichonga mwenyewe. Nichukue mwerezi au paini iliyowekwa dawa? Mwerezi ni ghali karibu mara mbili.

Fundi Randa
Uko wapi kwanza? Ardhi ya Texas na ya Minnesota si moja. Barabara ina kerbu, ule ukingo wa zege, au mtaro?

Mama Imani
Na mtaa wenu una chama cha wenye nyumba? Wetu wanakuchagulia mpaka rangi.

Fundi Randa
Mwenye mada kaingia mitini. Basi, paini ya dawa, ila usome kibandiko kwenye kichwa cha mbao. Kuna ya juu ya ardhi na ya kukaa ardhini. Ya inchi sita kwa sita achana nayo. Posta ya Marekani inashauri nguzo ya mti isizidi inchi 4 kwa 4, tena isizame zaidi ya inchi 24, ili gari likiigonga ivunjike yenyewe.

Kibogoyo
Mwerezi! Paini ya dawa ukiinunua mbichi, ikikauka inajinyonga. Yangu niliisimamisha kwa pima maji mwezi wa 5, ikanyooka kama askari. Mwezi wa 8 sanduku linamtazama jirani.

Mkongomani wa Maine
Ndugu zangu, acheni mbao, ogopeni zege. Mimi nilimwaga mifuko mitatu, nikajisifu. Januari greda la theluji likapita. Wala halikuigusa nguzo, ni theluji tu iliyorushwa, ikaikata usawa wa zege. Ardhi jiwe. Miezi mitatu sanduku langu liliishi ndani ya ndoo ya mchanga, watoto wakiliita mgonjwa. Aprili nikakivamia kile kisiki kwa mtarimbo, asubuhi mpaka adhuhuri, hakitikisiki. Kwa hasira nikachimba shimo jipya pembeni bila kupiga 811 waje kuweka alama za nyaya, na simu yenyewe ni bure! Koleo la tatu nikakata intaneti ya nyumba mbili. Jirani alikuwa katikati ya mkutano wa kazi. Mpaka leo salamu zake ni za kidevu.

Mama Imani
Pole, nimecheka vibaya. Mzee wangu kule Njombe alikuwa anachovya shina la nguzo kwenye oili chafu. Mchwa walikoma.

Fundi Randa
Huku oili chafu ardhini ni faini, mama. Weka kokoto chini ya shimo, maji yasituame.

Kibogoyo
Kwetu Tanga hatuna shida hizo. Mtaa mzima S.L.P. moja, ya shule, na barua yako imesomwa kabla hujaiona.

Baba Neema
Samahani, nilikuwa kazini. Niko Columbus, Ohio. Kerbu ipo, chama hakuna. Sanduku likae juu kiasi gani?

Fundi Randa
Inchi 41 hadi 45 kutoka barabarani mpaka tako la sanduku. Mlango urudi nyuma ya kerbu inchi 6 hadi 8. Na paini ya dawa inakula misumari ya kawaida, nunua skrubu za mabati.

Kibogoyo
Mwerezi hauli misumari hivyo.

Fundi Randa
Nao unaiacha ikilia machozi meusi kwenye mbao. Umesahau?

Mama Imani
Mkongomani, kile kisiki ulikitoa?

Mkongomani wa Maine
Kipo. Nimekiwekea chungu cha maua.