Mpaka wa minyaa na nauli ya wilayani: Mabaraza ya Kata yarudishiwe meno?

Mleta mada, Sikonge

Wangaluka wakuu. Baba yangu mdogo ana mgogoro na jirani yake wa shamba. Mpaka wao ni mstari wa minyaa iliyopandwa na babu zao. Jirani ameng'oa mashina sita, akasogeza jembe. Wazee wote wa kitongoji wanajua mpaka ulipokuwa.

Zamani jambo hili lingeishia Baraza la Kata, maana lilikuwa na mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi yasiyozidi shilingi milioni 3. Tangu sheria irekebishwe 2021, Baraza linasuluhisha tu. Likishindwa linakuandikia kuwa usuluhishi umeshindikana. Siku 30 zikipita bila mwafaka unaweza kwenda hata bila karatasi hiyo. Kwenda wapi? Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Jirani kaitwa kwenye usuluhishi mara mbili, hakutokea. Atokee kwa lipi? Anajua baba mdogo lazima asafirishe mashahidi watatu hadi wilayani, wote wazee, awalaze na kuwalisha. Kwa safari tatu kauza mbuzi wanne, na mara mbili kati ya hizo shauri limepigwa kalenda. Yule jirani wala hahitaji kushinda. Anasubiri mbuzi waishe.

Mkoa wetu wa Tabora una watu zaidi ya milioni 3.3 kwa sensa ya 2022, wametawanyika kwenye kilomita za mraba zipatazo 76,000, nyingi zikiwa misitu. Nasema Mabaraza ya Kata yarudishiwe uamuzi kwa migogoro midogo, angalau kwenye kata za mbali. Mnasemaje?

Mchangiaji, Kasulu

Mleta mada, pole ya baba mdogo, lakini hapo sikuungi mkono. Mama yangu alifiwa na mume akanyang'anywa michikichi. Akaenda Baraza la Kata, enzi hizo likiwa na meno. Mjumbe mmoja alikuwa shemeji yake, mwingine rafiki wa shemeji. Sheria ilitaka wajumbe wanne hadi wanane, watatu wawe wanawake. Walikuwepo hao watatu, wamekaa kimya kama wageni. Akaambiwa michikichi ni ya ukoo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema haki ya mwanamke kwenye ardhi ni sawa na ya mwanamume. Pale barazani hakuna aliyeitaja. Alikata rufaa wilayani, mbele ya mwenyekiti mwanasheria asiyemjua yeyote kati yao, ndipo akarudishiwa mali. Mnasema baraza liwe karibu. Karibu na nani?

Mchangiaji, mwambao wa Uvinza

Nyote wawili mna haki, ila mnazungumza kama watu wenye barabara. Huku kwetu kuna vijiji vinavyofikiwa kwa boti, na ziwa likichafuka shahidi haondoki. Kabla Kigoma haijapata Mahakama Kuu yake, rufaa za ngazi hiyo zilitupeleka Tabora. Hilo limepungua, tunashukuru.

Kinachonishangaza ni hiki. Mahakama ya Rufani, iliyo juu kuliko zote, majaji wake hufunga safari kuja kufanya vikao Tabora na Kigoma. Sasa kama wa juu kabisa wanaweza kutufuata, huyu wa wilayani kimemshika nini? Mahakama inayotembea nayo ilizinduliwa 2019, yale magari yakaanzia Dar es Salaam na Mwanza. Kwenye daladala kila dakika! Sisi tupeni boti moja na kalenda inayoheshimiwa.

Mchangiaji, Kaliua

Hamjataja sungusungu, ule ulinzi wa jadi wa wanakijiji. Waliibuka huku Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wezi wa ng'ombe. Leo haki ikikawia wanaletewa hata mipaka na madeni. Hukumu inatoka jioni hiyohiyo: faini, na ukikataa unatengwa. Huazimwi moto, msiba wako hauzikwi na watu. Hakuna rufaa. Tukibishana kati ya kata na wilaya tujue kuna wa tatu anayesikiliza kesi bila kuchoka.

Na asije mtu na habari za kusikiliza mashauri kwa intaneti. Mimi hapa nimepanda kichuguu ndio nimepata mtandao.

Mleta mada, Sikonge

Dada wa Kasulu, umenirudisha nyuma. Nilikuwa nawaza baraza la kata yetu, ambako mwenyekiti ni mtu mwadilifu, nikasahau kwamba sheria haitungwi kwa kumtazama mwadilifu mmoja. Basi uamuzi ubaki kwa mwenyekiti mwanasheria na wazee wake wa baraza. Lakini aje. Akae kwenye ofisi ya kata siku tatu, asikilize mashauri yote ya tarafa, kisha atembee shambani aone visiki vya minyaa kwa macho yake. Saa moja pale inatosha kuliko mashahidi watatu kusafiri. Na aje kiangazi, watu wakishauza tumbaku, ili hata mdaiwa asiwe na sababu ya udhuru.

Posho na mafuta ya gari ni gharama, najua. Kwa sasa gharama hiyo ipo, ila analipa baba mdogo.

Pale niliposhikilia ni kwenye wito. Anayeitwa kwenye usuluhishi wa kata akagoma bila sababu, jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ya Baraza, na huko wilayani abebeshwe nauli ya mwenzake hata kama atashinda. Hili nani analipinga?

Baba mdogo kapangiwa tarehe nyingine, mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu kwetu gari halipiti.