Kayaki ya plastiki inaingiza maji, sijui yanapitia wapi, na mwanangu anang'ang'ania twende kisiwa cha Mbudya. Naombeni ushauri

kafi_mbili:

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na kayaki, na hata wasio na kayaki ila wanaijua bahari.

Mwezi wa tatu nilinunua kayaki iliyotumika kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao. Ni ile ya kukaa juu, si ya kuingiza miguu ndani. Urefu karibu mita nne, viti viwili, makafi mawili yenye bapa huku na huku, na sakafuni matundu manne ya kutolea maji. Zamani ilikuwa nyekundu, sasa upande wa juu umekuwa rangi ya papai kwa jua. Nilitoa laki saba na nusu nikaona nimeokota dodo chini ya mwarobaini.

Wiki iliyopita tulitoka Kunduchi, hapa Dar, mimi na kijana wangu wa miaka 14. Hatukwenda mbali, tuliishia kule boti za wavuvi zinakotia nanga. Wakati wa kurudi kila nikipiga kafi naona chombo kizito, kinayumba kama mlevi, na nyuma kumezama mpaka maji yanapanda kupitia matundu. Tulipofika ufukweni tulishindwa kuiburuta, wakaja vijana wa samaki kutusaidia. Nilipofungua kizibo cha nyuma yalitoka maji ya ndoo mbili, pengine tatu. Tulikuwa tumeyakalia muda wote bila kujua!

Chini upande wa nyuma kuna ufa wa urefu wa kidole. Niliwahi kumpelekea fundi wa faiba, akapaka epoksi na kitambaa chake, elfu sitini. Baada ya wiki mbili kiraka kikabanduka chote kwa pamoja, kisafi kama gamba la embe. Yeye anasema nimegonga mwamba. Sijagonga mwamba.

Sasa je, inatengenezeka au niwape bata waogee? Dogo ameshawatangazia rafiki zake kwamba likizo tunakwenda Mbudya kwa kayaki. Na mama watoto anataka niitoe barazani, kwa hiyo mwenye wazo la kuitunza wapi naye asikae kimya. Natanguliza shukrani.

Popobawa Mstaafu:

Mkuu umeuziwa nyambizi kwa bei ya kayaki, shukuru Mungu hukuongezwa bei.

FundiMatangi:

Nachomelea matangi ya maji mwaka wa 11 huu, na kayaki nimeshachomelea kama sita hivi, nyingi za wenye hoteli.

Fundi wako hakukuibia, alikosea dawa. Hiyo ni polietilini, plastiki jamii ya tangi la maji, nayo haishiki gundi. Si epoksi, si silikoni, si supagluu. Kiraka kikibanduka kizima ujue hakikuwahi kushika, kilikuwa kimekaa pale kama stika. Faiba ni ya boti za faiba. Plastiki hii inazibwa kwa kuyeyushiwa ndugu yake.

Kwanza hakikisha inayeyuka, maana zipo chache zilizofungamanishwa kiwandani ambazo hazichomeleki kabisa. Pasha msumari, gusa mahali pasipoonekana. Plastiki ikilainika na kuvuta nyuzi, tuko pamoja. Ikiungua ikawa mkaa bila kulainika, usipoteze hela yako.

Ikikubali, toboa kitundu cha milimita tatu kila mwisho wa ufa, la sivyo ufa utaendelea kutembea hata baada ya kuuziba. Uchimbe kwa kisu uwe mfereji wenye umbo la V, usitokeze upande wa pili. Kwangua mabaki yote ya epoksi mpaka uone plastiki mpya, osha chumvi, kausha nje na ndani. Unyevu ukibaki, moto ukipita panatoka mapovu na kiungo kinakuwa na matundu kama kitumbua. Halafu ile mashine ya kupuliza hewa moto: pasha mfereji na ufito wa plastiki kwa pamoja. Usihesabu dakika, tazama ngozi ya plastiki. Ikianza kung'aa kama imepakwa mafuta, kandamiza. Ikitoa moshi umeshaunguza. Mwisho sawazisha kwa mgongo wa kijiko kilichopashwa moto, uache ipoe yenyewe, usiimwagie maji.

Ufito kata kwenye tangi bovu, au kwangua ukingo wa kayaki yenyewe pale palipo nene.

Lakini mkuu, ufa wa kidole kuingiza ndoo tatu kwa safari fupi hivyo? Mimi sishawishiki. Kuna tundu jingine.

Chuma_Ulete:

Yangu niliziba kwa kipande cha dumu la njano la mafuta ya kula, mwaka wa pili huu inadunda.

FundiMatangi:

@Chuma_Ulete dumu linashika, sibishi. Geuza chini utaona namba 2, ni polietilini pia. Ila ni gumu kuliko kayaki nyingi, na mahali panapojikunja kila siku linaweza kuachia pembeni, kwa hiyo lijaribu kwanza pasipo na maana. Nachoomba mtu asichukue bampa la gari. Nyingi ni polipropilini. Inayeyuka vizuri mbele ya macho yako, inalala vizuri, ikipoa unaing'oa kwa ukucha.

dada_kilifi:

Mkuu kafi_mbili, swali kabla hujaita fundi. Hiyo kayaki unaifikishaje majini? Au ulipewa na kile kigari cha magurudumu mawili chenye vyuma viwili vinavyopenya kwenye matundu ya sakafuni?

kafi_mbili:

Ndiyo dada, kilikuja nacho. Umejuaje?

dada_kilifi:

Kwa sababu kimeshaniulia yangu. Uzito wote wa kayaki unakaa kwenye midomo ya yale matundu, na kila ukipita kwenye jiwe au mzizi vile vyuma vinachokonoa. Ufa unatokea ndani ya tundu, kwenye ule mduara ambapo sakafu inakutana na tumbo. Huuoni hata ukiinama, mpaka uingize kidole na tochi.

Kuupata: laza kayaki juu ya stuli mbili, mimina ndani lita ishirini tu kupitia kizibo (usijaze, tumbo halikuundwa kubeba maji na utavunja kiuno chako), ufute nje pakauke kabisa, tandika magazeti chini. Inamisha mbele, subiri. Inamisha nyuma, subiri. Kisha upande hadi upande. Gazeti litakuonyesha. Na asikudanganye mtu upige hewa ya kompresa ya matairi, itapasua kiungo kwa sekunde moja.

Barazani mama watoto ana haki yake. Iweke ukutani upande wa kivuli, ilale kwa ubavu au kifudifudi juu ya mbao mbili pana. Usiitundike kwa mikono yake ya kubebea, inalegea katikati kama kitanda cha kamba. Kizibo kiache wazi ikiwa nchi kavu, hewa ya ndani ikipata jua inatafuta pa kutokea. Osha kwa maji yasiyo na chumvi kila ukirudi, na zile reli za kuegemeza miguu uzimwagie hasa, mchanga na chumvi ndivyo vinavyozigandisha. Ukiifunga juu ya gari, mkanda ukaze wa kutosha tu. Ukikaza kwa hasira halafu ukapaki juani, jioni unakuta tumbo limebonyea. (Likibonyea usilie, lianike jua la saa sita tumbo juu, mara nyingi linarudi lenyewe.)

Hiyo rangi ya papai, ndiyo jua hilo. Rangi hairudi, lakini kivuli kitazuia plastiki isikauke ikaanza kukatika kama biskuti. Wazee wetu mtumbwi waliufunika makuti, hawakuwa wajinga.

Mzee wa Joshi:

Vijana mmeongea sana habari za plastiki. Mimi nitasema habari za maji, maana plastiki ikitoboka barazani haimzamishi mtu.

Ewe kafi_mbili, ulisema mlitoka lini? Mwezi ulikuwa wa ngapi?

kafi_mbili:

Shikamoo mzee. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, tulitoka saa mbili asubuhi tukarudi kwenye saa nne.

Mzee wa Joshi:

Marahaba. Jumamosi ile mwezi ulikuwa mpevu. Hilo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Dar es Salaam, siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanajaa alfajiri na tena alasiri, na kwenye saa nne mpaka saa tano asubuhi yamekupwa kabisa. Ninyi mlitoka yakiwa yanakwenda nje, na nyote watatu na kayaki mkawa mnakwenda nayo. Kurudi ukadhani uzito wote ni maji ya ndani. Nusu yake ulikuwa mkondo. Na kule kuburuta, bila shaka mliburuta juu ya mawe, ufa mwingine mkautengeneza hapohapo.

Kwa chombo cha kafi, chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji yanajaa asubuhi kwenye saa nne hivi, na mkondo hauna nguvu. Unaondoka maji yanapanda, unarudi yamejaa, unashukia kwenye mchanga.

Upepo nao una tabia yake. Asubuhi mapema kuna umande unaotoka bara. Watu wanaupenda kwa kuwa bahari inalala kama mafuta. Mimi ndio ninaouogopa kwa mtu mgeni, kwa sababu unampeleka nje taratibu huku akijiona hodari wa kupiga kafi. Baadaye upepo wa bahari unaamka, na wakati wa kusi unakusukuma kuelekea Bagamoyo, hata kama Mbudya unaiona mbele ya pua. Miezi ya tanga mbili, baada ya kusi kuchoka na kabla kaskazi haijashika, ndiyo miezi yako. Na ukifika kisiwani ujue ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Kuna kiingilio, na matumbawe si mahali pa kuegesha.

Ila mwaka huu usiende na mtoto. Sijasema usiende kabisa.

MtotoWaKirumba:

Sisi huku Mwanza hatuna bamvua, tuna kiboko. Ukiona matete, pita mbali. Karibuni ziwani.

dada_kilifi:

Naongezea la mzee. Kabla ya Mbudya, dogo ameshawahi kupinduka? Nenda naye maji ya kifuani, mpindue kayaki makusudi, mfundishe kuipanda tena. Unaigeuza, unashika ukingo wa mbali, unapiga miguu kama unaogelea mpaka tumbo lipande katikati, halafu unageuka unakaa. Mara ya kwanza wote mtachekana. Afanye mara kumi, jaketi okozi likiwa mwilini. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halimwokoi mtu. Filimbi shingoni, simu kwenye mfuko usioingiza maji. Kafi lifungie kamba kwenye kayaki, wewe mwenyewe usijifunge.

kafi_mbili:

Wakuu narudi na majibu.

Leo nimefanya ile ya magazeti. Msumari ulikubali, plastiki ilivuta nyuzi. Nikamimina lita ishirini, nikainamisha nyuma nikisubiri ule ufa wangu wa kidole uaibike. Haukutoa kitu! Tone moja kwa dakika, labda mawili. Nikainamisha mbele, kukavu. Dogo akasema tuilaze ubavu. Tulipoilaza upande wa kulia maji yakaanza kutoka kwenye tundu la nyuma, si kwa matone, kwa mstari, mpaka ukurasa wa michezo ukalowa wote. Niliingiza kidole nikaukuta ufa umezunguka nusu ya tundu, kingo zake zinakwaruza. La kushoto nalo limeanza. Na vile vyuma vya kigari vinaingia palepale hasa.

@FundiMatangi hapo ndani panachomeleka? Ni pembamba na mkono hauingii vizuri.

FundiMatangi:

Panachomeleka kwa shida. Ile ni kuta mbili zimekutana, ukizidisha moto unatoboa upande wa pili. Usijifunzie hapo. Anza na ufa wa nyuma kwa mkono wako mwenyewe, haya matundu mawili niletee au mpelekee mtu mwenye ncha nyembamba ya mashine. Kwa muda, ukitaka kwenda nayo maji ya kifuani tu, kuna ule utepe wa lami wa kuzibia mabati: osha, kausha, pasha kidogo, bandika uingie ndani ya tundu. Unashika vizuri, lakini ni wa muda. Ukirudi kila safari fungua kizibo upime kilichoingia. Kikizidi kikombe, haujashika.

Kigari usikitupe. Kata vile vyuma, weka mkanda mpana kayaki ikae juu yake kwa tumbo.

kafi_mbili:

Nimeshavikata. Jumapili mwezi ni nusu, tunakwenda kupinduka. Mbudya nimemwambia dogo mpaka mwezi wa kumi na moja, amenuna, lakini tangu jana anazunguka na kalenda anahesabu miezi mwandamo.

Popobawa Mstaafu:

Mkuu, na ile elfu sitini ya faiba?

kafi_mbili:

Kiraka ninacho. Mama watoto anakalishia sufuria.