Mtoto bonge: begi la klipu, kiti cha kiunoni au nibaki na kitenge?

Mama_Nasri (mwanzisha mada)
Habari za asubuhi wakuu. Nataka kununua kibebeo cha mtoto wiki hii kabla ya safari. Mtoto ni bonge, mabega yananiuma, nusu saa tu nimeshachoka. Kariakoo nimeona vya aina tatu: begi la mikanda na klipu, kile chenye kiti kigumu kinachokaa kiunoni, na kitambaa chenye pete mbili za chuma. Muuzaji anasema vyote vinabeba mpaka kilo 20. Kipi nichukue? Nasubiri michango yenu.

Dada_Viungo
Mama Nasri, umeacha nusu ya maelezo nyumbani. Ana miezi mingapi, na kadi ya kliniki inasema kilo ngapi? Anakaa mwenyewe? Unambeba mbele au mgongoni? Unabeba peke yako au na baba yake? Ulijifungua kwa upasuaji? Bila hayo kila mtu atakuambia anachokipenda yeye.

BintiPangani
Kitenge. Mada ifungwe.
Shoga, usipeleke hela Kariakoo kabla hujajua kama tatizo ni kitambaa au ufungaji. Kanga kwa mtoto mzito ni nyepesi, na ikiwa mpya ina wanga, inateleza. Ifue mara tatu nne kwanza. Zile za poliesta usizitumie kabisa kubebea, fundo halishiki. Chukua kitenge cha pamba, kata yadi 2 na nusu, si 2. Ile nusu ndiyo inayokupa ncha za kufungia.
Ncha za juu zifunge juu ya matiti, ncha za chini kiunoni. Pindo la chini lichomeke kati ya makalio ya mtoto na mgongo wako ili akae kama kwenye mfuko, magoti yawe juu kuliko makalio. Wengi wanaruka hapo, ndiyo maana mtoto anateremka kila hatua na mama anamrusha juu kila dakika. Na fundo: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande uleule mara mbili fundo linalegea lenyewe.

BabaPacha254
Hapa Nairobi leso tunaiheshimu, lakini mwambieni ukweli: baba mtoto hatafunga kitenge barabarani. Kiti cha kiunoni ndicho bora. Mtoto wa kuanzia miezi tisa anataka kushuka, kupanda, kushuka tena. Unafunga mkanda mara moja asubuhi, yeye anapanda na kushuka anavyotaka.

Mama_Nasri
Samahani wadau, nilikuwa kazini. Ana miezi 11, kliniki ya mwisho kilo 11.8. Anakaa, anasimama kwa kushikilia. Nambeba mbele kwa sababu mgongoni analia. Baba yake naye atabeba. Bajeti laki moja na nusu.

Dada_Viungo
Sasa tunaweza kuongea. Karibu kilo 12 mbele ya kifua ni mzigo unaokuvuta kifudifudi. Mwili unajirudisha kwa kupinda kiuno kwenda nyuma, na misuli ya shingo na mabega inakaza muda wote. Hakuna begi, hata la bei mbaya, litakaloondoa hilo. Kwa uzito huo mahali pake ni mgongoni.
Analia mgongoni kwa sababu mara nyingi wanafungwa chini mno, uso unaangalia shati la mama. Mpandishe mpaka macho yake yaone juu ya bega lako, halafu anza kutembea papo hapo. Usisimame naye.
Kuhusu begi, kinacholifanya liwe jepesi au zito ni mkanda wa kiunoni kuliko kitu kingine. Ufungwe juu ya mifupa ya nyonga, si tumboni wala chini kwenye mapaja, na ukazwe kabla mtoto hajaingia. Mtoto aingie, umwinamishe kidogo ili makalio yashuke chini ya magoti, ndipo uvute mikanda ya mabega, na mwisho kabisa ule mdogo unaounganisha mabega. Wengi wanaanza na mabega. Matokeo yake kiuno hakibebi kitu, kilo zote zinaning'inia shingoni.
Kitambaa cha chini kifike nyuma ya goti moja mpaka nyuma ya goti la pili. Kikiwa chembamba, miguu inaning'inia kama suruali kwenye kamba, uzito wote unakaa kwenye msamba wake, na kwako anakuwa mzito zaidi kwa sababu anayumba. Cha juu kifike angalau chini ya kwapa zake.
@BabaPacha254, kiti cha kiunoni chenyewe ni kizito kabla hujampakia mtoto. Sanduku linasukuma tumbo, mtoto anakaa mbali na kifua chako. Na bila mikanda ya mabega lazima mkono mmoja umshike mgongo wakati wote. Hicho ni cha kumtuliza sebuleni au kumvusha barabara. Safari, hapana.

BabaPacha254
Dada, vipo vya kuunganisha na mikanda ya mabega. Umeona vya zamani.

Dada_Viungo
Nimeviona. Sanduku linabaki palepale. Na vile vinavyofungwa kwa velkro (ule utepe wa kunata na kubandua) peke yake, vumbi na nyuzi za nguo vikiingia, inaachia taratibu. Kama ni lazima, kiwe na velkro na klipu juu yake.

FundiTandika
Wakuu, nishuke kwenye mishono, maana mnaongea mambo ya mgongo na hakuna aliyegusa kinachokatika.
Chukua begi la kawaida lisilo na lebo, lifumue pale mkanda wa bega unapoingia kwenye kitambaa cha mgongo wa mtoto. Kwa nje unaona mshono mnene wa kupendeza. Ndani, mkanda wa nailoni umeingizwa sentimita moja, ncha haikuunguzwa kwa moto, na mashine imepita mstari mmoja tu. Nailoni isiyounguzwa inachanua nyuzi. Kila mtoto akijirusha nyuma, mkanda unatoka milimita chache, na kwa kuwa kuna kitambaa cha urembo kimefunika juu, mama haoni kitu. Dalili inakuja kama begi "limelegea": unakaza leo, kesho limelegea tena. Watu wanalaumu klipu, kumbe mkanda unahama ndani ya mshono. Ukifika mwisho hauachii kidogo kidogo. Unaachia wote, upande mmoja, na mtoto anaporomokea ubavuni kabla hujaweka mkono. Kwa kilo 6 begi kama hilo linaweza kumaliza mwaka salama. Kwa kilo 12 linaisha haraka, hasa kwa mtoto anayesimama, maana huyo anakanyaga na kujisukuma.
La pili ni sponji. Ya bei chee unaibana kwa vidole viwili na vidole vinakutana. Hiyo baada ya mwezi ni karatasi, mkanda unakata bega.
La tatu ni klipu. Ibonyeze, isikilize ikiingia, kisha ivute kwa nguvu bila kubonyeza. Plastiki yenye weupe kwenye kona ni ufa unaokuja. Nzuri huwa zimechapwa jina la kiwanda, kama YKK, Duraflex au Woojin. Ikivunjika badilisha dume na jike pamoja, usichanganye viwanda. Inaweza kuingia na bado isishike.
Fundi akikurekebishia begi, mwambie mkanda uingie sentimita 5, ncha iunguzwe, nyuma kuwe na kipande cha turubai, kisha ashone mraba wenye msalaba ndani. Uzi wa poliesta, si wa pamba. Sindano namba 16 au 18. Akikuambia namba 11 inatosha, chukua begi lako uondoke.

Karume_Mtumba
Kwa laki na nusu usinunue jipya lisilo na jina. Nunua la mtumba lenye jina. Ila soma lebo, kila moja lina kilo zake. BabyBjörn Mini mwisho kilo 11, kwa hiyo huyo mtoto ameshalipita. Ergobaby Omni 360 inaanzia kilo 3.2 mpaka 20. Tula ile ya Toddler imeandikwa paundi 25 hadi 60, yaani kama kilo 11 mpaka 27, na kitambaa chake ni kipana na kirefu, ndiyo maana watoto mabonge wanakaa vizuri humo. Ukiipata hiyo usiulize mara mbili.
Marobota mengine yana feki pia. Angalia lebo ya kufulia ndani: herufi zimechapwa vizuri, maelezo ni ya lugha zaidi ya moja, namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa zipo. Halafu kitambaa cha mabega: kama rangi imepauka upande mmoja tu, lilikaa juani muda mrefu, na jua linakula nailoni. Hilo liache.

Mzee_wa_Hoja
Naona mnashauri miguu ipanuliwe. Mtoto atapata matege. Ndiyo maana siku hizi vijana wengi matege.

Dada_Viungo
Mzee wangu, shikamoo. Matege hayaletwi na mbeleko. Watoto wengi huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo, na kwa kawaida hunyooka yenyewe karibu na miaka miwili. Yanayobaki au kuzidi, mara nyingi chanzo ni upungufu wa vitamini D au madini ya chokaa. Kupanua miguu na kukunja magoti kunasaidia kichwa cha mfupa wa paja kikae vizuri kwenye tundu la nyonga. Kinachoharibu nyonga ni kumfunga mtoto mchanga miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja.

Mzee_wa_Hoja
Marahaba. Mbona Arusha kuna matege mengi na wanabeba kama sisi?

BintiPangani
Mzee, huko ni maji. Floraidi nyingi kwenye maji ya maeneo ya Mlima Meru, inaharibu meno na mifupa. Ungesema na meno ya kahawia nayo yameletwa na kitenge.

Mzee_wa_Hoja
Sijasema meno mimi.

BabaPacha254
Turudi kwa mada jamani. Mama Nasri, safari ni ya wapi?

Mama_Nasri
Ni basi mpaka Singida, halafu bodaboda mpaka kijijini kama kilomita 14. Nilitaka begi ili nimfunge mbele kwenye boda mikono iwe huru.

FundiTandika
Hapana. Begi halikushonwa kwa kazi hiyo, hata la kiwanda kizuri. Boda ikipiga breki wewe ndiye unayemkandamiza mtoto kwa dereva. Tafuta bajaji au gari.

Dada_Viungo
Nakazia. Na ndani ya basi usilale naye akiwa mbele ndani ya begi, kidevu kinashuka kifuani na huoni anavyopumua. Mtoe, mpakate.

Karume_Mtumba
Kilomita 14 za Singida bajaji utaipata wapi wewe fundi?

FundiTandika
Noah za kijijini zipo. Asubuhi siku ya gulio.

Mama_Nasri
Sawa, boda nimeiacha, nitampigia shemeji atafute gari. Hakuna aliyegusa ile ya pete. Na muuzaji hataki nijaribu dukani na mtoto.

BintiPangani
Ya pete inakaa bega moja. Kwa kilo 12 ni ya dakika kumi, kumpeleka mtoto chooni na kurudi. Kama utaichukua, pete ziwe za alumini zisizo na kiungo. Zile za duka la vifaa vya ujenzi zina mahali zilipochomelewa. Panakwaruza kitambaa, panaweza pia kufunguka. Rudi kitengeni, mwanangu.

Karume_Mtumba
Kujaribu bila mtoto: nenda na mfuko wa sembe kilo 10, ongeza sukari kilo 2. Funga, tembea ngazi juu na chini robo saa. Muuzaji akikataa hata hilo, ondoka.

Dada_Viungo
Sembe haijirushi, lakini itakuonyesha kama kiuno kinabeba. Pitisha vidole chini ya mkanda wa bega: vikipita kirahisi wakati mzigo umo, uzito umekaa kiunoni. Na kama baba yake ni mrefu kuliko wewe, hakikisha mikanda inarefuka na kufupika bila kubaki mkia mrefu wa nailoni upande wako.

FundiTandika
Kuna la nne hamjalitaja, begi la mikanda ya kufunga bila klipu. Kiwiliwili kimoja cha turubai kilichofunikwa kitenge, mkanda wa kiuno, na mikanda miwili ya mabega mirefu inayopishana mgongoni kwa mbebaji, inapita chini ya makalio ya mtoto na kufungwa. Mama na baba wanatumia lilelile bila kurekebisha kitu, na hakuna plastiki ya kuvunjika. Kasoro yake: mikanda inaburuza chini kwenye tope ukifungia stendi.

Mama_Nasri
Hilo la kufunga nimelipenda, ila baba yake anataka la klipu. Kesho naenda soko la mitumba la Karume asubuhi kwanza. Fundi, nikikosa la mtumba, unalishona kwa siku ngapi? Basi ni Alhamisi.

FundiTandika
Siku mbili, ukileta vipimo sahihi. Mkalishe mtoto akiwa amekunja magoti, pima kutoka nyuma ya goti moja kupitia chini ya makalio mpaka nyuma ya goti la pili. Kisha kutoka makalioni mpaka chini ya shingo. Kiuno chako na cha baba yake, juu ya nguo. Mikanda ya mabega nitakata mita 2 kila mmoja, kama baba ni mnene sema mapema niongeze sentimita 30. Turubai usinunue ile ya maturubai ya harusi, ina plastiki, mtoto ataloa jasho. Ulizia ya pamba.

BabaPacha254
Fundi, na ya pacha unashona?

FundiTandika
Kilo ngapi kila mmoja?