Naomba ushauri: geji ya mafuta ya Land Rover Series IIA

Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Land Rover ya marehemu babu geji ya mafuta ilikufa, nikapata nyingine used, kwenye kioo imeandikwa Smiths ila namba za nyuma zimeliwa na kutu. Nimeifunga, nikiwasha swichi mshale unapanda taratibu mpaka F na kuganda hapo hata tenki ikiwa na lita 10 tu, na ya temprecha nayo inasoma juu wakati injini haijachemka kabisa. Nimesafisha waya wa ethi, nimebadilisha floti (boya la ndani ya tenki linalopima mafuta), wapi! Je, ni ile stabilaiza (kifaa cha kushusha umeme wa betri hadi volti 10 kwa ajili ya geji) nyuma ya dashibodi imekufa inapitisha volti 12 zote? Na bila namba nitajuaje kama geji hii inatumia stabilaiza au ni ile ya zamani zaidi, ya mshale kuruka papo hapo?